Kuendesha Baiskeli Bila Kwenda Popote

Nekesa mwanangu,

Mambo ya sweta, pasipoti na kutozungumza na wanaume usiowajua kwenye viwanja vya ndege mama yako ameshayamaliza. Nilimsikia. Ameyarudia mpaka nadhani lile sanduku lako lenyewe linaweza kuyasema kwa moyo likiulizwa na watu wa forodha. Mimi hapo sina la kuongeza. Nimekaa mezani na kalamu ya ofisi kwa sababu mchana uliniuliza swali, na mimi baba yako, mtu mwenye maneno mengi kuliko mishahara, nikainuka nikatoka nje kama mtu anayekwenda kufunga ng'ombe. Na hapa Tuwan, mjini Kitale, kwenye nyumba ya kupanga, hatuna hata kuku.

Uliuliza, "Baba, mimi nikirudi, nitarudi wapi?"

Hukuuliza kwa ubaya. Ulikuwa unakunja nguo. Lakini tangu uulize hujanitazama, na najua umenuna kwamba kesho mtapanda basi la Nairobi wewe na mama yako bila mimi. Kesho hiyohiyo asubuhi bodi ya ardhi inakaa Tongaren, pale ofisini kwa D.O., na shauri letu litaitwa. Unajua ninakoitiwa. Lile shamba la kuka wako, marehemu baba yangu, hati yake iko kwa jina langu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na ndiye niliyekuwa naweza kusoma barua za serikali. Niliahidi mbele ya watu kwamba nitamwandikia baba yako mdogo Wafula, lote, mpaka mwisho wa mpaka. Kesho bodi itaniuliza kama bado nasema hivyo. Mama yako alitakiwa tuwe naye. Amekataa. Amesema yeye atamsindikiza mtoto, mimi nikasindikize shamba.

Wewe ulikuwa shule ya bweni haya yakitokea, ukasikia vipande. Nataka uende ukiwa na kitu kizima. Na usicheke, maana yote yalianza na baiskeli.

Unakumbuka idara ya kilimo iliponipeleka Uholanzi, huko unakokwenda, miezi ile ya kujifunza kuhifadhi mbegu za mahindi. Nilikaa kwa Mzee Wim, dereva mstaafu wa lori la maziwa, na mke wake Greet, huyu Mama Greet atakayekupokea, ambaye sasa ni mjane. Nilikuletea biskuti, nikakusimulia theluji ambayo kusema kweli niliiona mara moja tu tena kwa mbali. Sikukusimulia habari ya Jumapili, kwa sababu niliona aibu.

Ile nchi, Nekesa, ni bapa kama kikaango cha chapati. Zamani ilikuwa chini ya maji. Watu wakajenga tuta refu la udongo, wakayasukuma maji nje kwa pampu, wakapanda viazi mahali samaki walikuwa wakilala. Wanaiita polda. Unasimama juu ya tuta, maji yako upande huu, ng'ombe upande ule, na maji yako juu kuliko ng'ombe. Mara ya kwanza kuona hivyo nilitaka kuwaonya ng'ombe.

Jumapili ya kwanza Mzee Wim akaniambia, twende tukaendeshe baiskeli. Nikauliza wapi. Akasema, nje. Sasa mimi nimelelewa vizuri. Nikajua hakuna mzee anayetoka Jumapili na mke wake bila kuwa anakwenda kwa mtu. Nikavaa suti, nikafunga tai, nikachukua pakiti ya majani ya chai niliyotoka nayo huku, nikaifunga kwenye keria ili nimpe mwenye mji tutakapofika. Greet akaniangalia kuanzia viatu mpaka tai, akapanda baiskeli yake. Ni mama mwenye adabu, utamwona.

Nikaendesha kama ninavyojua, yaani kama mtu aliyetumwa kumwita daktari. Huku kwetu wewe mwenyewe unajua baiskeli ni ya nini. Baiskeli inabeba gunia, inabeba maziwa, inabeba mgonjwa na mtu wa kumshika mgonjwa. Nikawaacha nyuma mpaka kwenye njia panda, nikasimama kuwangoja, jasho linanitoka ndani ya suti. Walikuja wakizungumza, mguu huu umeshuka, ule umepanda, kama watu wanaokanda unga wa mtu mwingine.

Mzee Wim akaniuliza, "Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Nikasema nilidhani tumechelewa.

"Kwa nani?" akasema.

Alitaka kujua kweli. Tukaendelea. Tukapita kanisa, tukapita nyumba ya pampu, tukapita kondoo waliokuwa wakila majani ya tuta kama wafanyakazi wa serikali, bila haraka. Huko hakuna mlima, mlima wao ni upepo. Unapanda upepo kutwa nzima na ukigeuka unateremka. Tukakaa kwenye benchi, Greet akamimina kahawa kutoka kwenye chupa, tukatazama mtaro. Halafu tukarudi. Hatukwenda kwa mtu yeyote. Chai yangu niliitembeza nchi nzima ile, nikairudisha kwenye nyumba ileile, na jioni Greet akaichemsha tukainywa sisi watatu. Mzee Wim akasema ni chai nzuri, imeona mambo mengi.

Lakini kilichonishinda siku hiyo ni kingine. Katikati ya njia Mzee Wim alisimama, akaweka mguu chini, akatazama viazi vya mtu. Hakupepesa tu macho na kupita. Alivitazama kama anayesoma gazeti. Mwenye shamba mwenyewe alikuwa ng'ambo ya mtaro, juu ya trekta. Nikasema moyoni, leo yametukuta. Kwetu mtu asiyejulikana akisimama akatazama shamba lako, unamwendea na salamu nzuri na panga mkononi. Yule bwana akainua mkono. Mzee Wim akainua wake. Basi. Nilingoja ule ugomvi mpaka tukafika nyumbani, haukuja.

Nikazoea. Suti niliiacha. Nikajifunza kukaa nyuma yao, polepole, mikono imelegea. Mwili unakwenda na kichwa kimekaa. Nilikuwa mtu mzima, baba ya mtu, na sikuwa nimewahi kutazama mmea bila kuuhesabia magunia. Usidhani nakuchorea peponi. Siku moja nilimuuliza Mzee Wim kama huko ndugu hugombania mashamba. Akacheka, akasema yeye hajasalimiana na ndugu yake miaka na miaka kwa sababu ya saa ya ukutani ya mama yao. Saa yenyewe haikuwa ikitembea. Nami nikacheka sana, Nekesa. Nilicheka kama mtu ambaye kwao hakuna mambo kama hayo.

Niliporudi nikanunua baiskeli kwa mfanyabiashara mmoja wa Lwakhakha, nyeusi, nzito, nikaipeleka Tongaren, ikawa inakaa kwenye nyumba ya kuka wako. Wafula alifurahi. Aliipiga tandiko kwa kiganja, akasema hii itabeba gunia mbili bila kulia. Sikumwambia haitabeba kitu.

Kila Jumamosi nikienda kuwaona akina Wafula, mchana jua likipoa, naichukua naendesha. Unaijua ile barabara ya chini, mahali pale nchi imelala, mahindi huku na huku mpaka mtoni. Ukifumba jicho moja na kuusahau Mlima Elgon, ni polda kabisa. Wiki ya kwanza watu walinisimamisha wakidhani mimi ni boda boda. Mama mmoja alipanda keria kabla sijafungua mdomo, kuku kwapani, akaniambia, "Nipereke soko, na usirushe hii kuku yangu." Ningemwambia nini? Nilimpeleka. Tulipofika akanilipa parachichi moja, akasema mimi ni mzuri lakini niko polepole sana, sitapata wateja. Nikarudi nimefurahi, nikamsimulia mama yako, akasema ofisa mzima wa kilimo amepata kazi ya pili, sasa labda tutajenga.

Hapo ningelipaswa kuona. Yule mama alinipa parachichi na pia alinipa onyo. Alikuwa ananiambia kwamba katika nchi hii kuna sababu moja tu inayoeleweka ya mtu kupanda baiskeli, nayo ni kazi. Mtu asiye na kazi juu ya baiskeli atatafutiwa kazi, na watu wakikosa kumpa ya uchukuzi watampa nyingine.

Mimi nikaendelea. Nikawa nafuata kijia cha mpaka wetu, kwa kuwa ni kizuri na kina mikonge kandokando, alama za mpaka. Nikifika ile pembe ya chini, karibu na mto, nasimama. Naweka mguu chini, natazama mahindi. Kama Mzee Wim. Yalikuwa mahindi ya Wafula, yeye ndiye alikuwa analima pale pote. Mazuri. Nilikuwa nayatazama bila kuhesabu, na nikajivunia sana kwamba sihesabu.

Sasa nikae upande wa Wafula kidogo, maana mama yako akisimulia hadithi hii Wafula huwa na pembe na mkia.

Wafula aliacha shule darasa la saba. Mimi nilikuwa nimeitwa sekondari na baba alikuwa na uwezo wa mmoja. Kwa hiyo Wafula akapewa baiskeli, akawa anatoa makaa na mahindi Tongaren mpaka Kitale, na ile karo yangu kila muhula ilitoka kwenye keria yake. Hili si siri, hata wewe umelisikia kwenye kila harusi. Miguu yake ulivyoiona imepinda, imepinda kwa ajili ya kitabu changu. Halafu baba akafa, hati ikaandikwa kwa jina la mwenye kitabu. Wafula hakusema neno. Aliniamini. Alilima. Wewe mwenyewe alikubeba kwenye hiyo keria mara ngapi, ukirudi likizo, miguu upande mmoja kama malkia?

Sasa mtu wa namna hiyo anaambiwa na majirani kwamba kaka yake, aliyerudi juzi kutoka kwa wazungu, na ambaye hati iko kwa jina lake, kila Jumamosi anazunguka mpaka polepole na baiskeli, hajabeba kitu, hasalimii mtu kwa nia ya kukaa, na akifika kwenye pembe anasimama anatazama. Wewe ungefikiri nini? Mimi ningefikiri hivyohivyo. Hata mbwa angefikiri hivyo.

Waliniita. Wazee wa ukoo walikaa sebuleni kwa kuka wako, chai imeletwa, Mzee Khaemba ndiye msemaji. Nilidhani ni habari ya harusi. Nilikuja nimependeza.

Mzee Khaemba akaniuliza kwa upole kabisa, "Ofisa, hizi Jumamosi unapita huko chini na baiskeli, unaendanga wapi?"

Nikasema, "Siendi mahali, mzee. Naendesha tu."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu."

"Kununua nini?"

"Hapana kununua."

Mtu mmoja karibu na mlango akacheka, akasema ati anaendesha tu, na wengine wakacheka kidogo, na mimi pia nikacheka. Nilidhani tunacheka pamoja.

"Na hapo kwa pembe unasimamanga," Mzee Khaemba akasema. "Unaangalia nini?"

"Naangalia mahindi."

"Mahindi ya Wafula?"

"Uzuri wake, mzee."

Hapo ndipo nilipojizika. Kicheko kiliisha. Ningesema natafuta ng'ombe wa kununua, leo tungekuwa na shamba. Ningesema nina mwanamke ng'ambo ya mto, wangenisikitikia, wangenitoza faini, na mama yako angenifukuza kwa muda. Uongo wowote ulikuwa unatosha. Nilikuwa na jibu moja tu, tena la kweli, na hakuna mtu mle ndani angeweza kulishika likakaa mkononi. Nikaanza kuwaeleza polda. Nikaeleza tuta, viazi, kahawa ya chupa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu anayeficha kitu. Wakati mmoja nilijisikia nikisema, "Huko watu wanaendesha kutwa na hawafiki mahali," na nikaona Mzee Khaemba anaangalia chini, kama mtu anayemwonea haya mtoto wa mwenzake.

Ndipo Wafula akasimama. Wafula hana maneno, unamjua. Alisema, "Kaka, mimi nimepanda baiskeli tangu nikiwa mtoto, na kila siku iko gunia nyuma. Wewe unapanda na nini? Hakuna gunia, hakuna mtu, hakuna safari. Umebeba macho tu, bana. Na hayo macho unapimia shamba."

Mwanangu, hiyo inauma mpaka leo nikiiandika. Inauma kwa sababu nusu yake haikuwa na jibu. Kupima sikuwa napima. Lakini gunia, kweli, sikuwa nimebeba. Maisha yangu yote kuna mtu mwingine aliyekuwa analibeba, na mimi nikaenda nchi ya mbali nikafundishwa kuendesha bila mzigo, nikarudi kufanya maonyesho mbele yake, kwenye shamba lake, kando ya mahindi yake. Sikuliona. Wallahi sikuliona, ningeliona ningebeba hata gunia la pumba kwa heshima.

Ningeweza kusema hivyo pale. Ningeweza kukaa kimya. Badala yake nikafanya lile ambalo wewe pia unaweza kulifanya, na ndiyo maana naandika barua ndefu hivi, maana pua ulichukua kwa mama yako lakini hasira ulichukua kwangu. Nikasimama, nikakunjua koti langu zuri, nikasema, "Kama ni hivyo, chukua lote. Mbele ya hawa wazee. Hata pa kunizika sitaki."

Mzee Khaemba aliweka kikombe chini. Hakuna mtu kwetu anayesema neno la mwisho lile. Lilipotoka nililiona tamu. Nilitaka waone nilivyo safi, nisivyo na tamaa, niwe mkubwa kuliko chumba chote. Na niliwaonyesha. Nikatoka mle ndani nikiwa mtu msafi kuliko wote Tongaren, na mtoto wangu hana kwao.

Hicho ndicho nilichonacho cha kukupa, na ni kidogo kwa gharama yake. Usitoe kitu kwa sababu unataka watu waone hukitaki. Ukitoa, toa kwa kuwa mwenzako anakihitaji, na umwangalie yeye usoni. Wafula sikumwangalia. Nilikuwa nawaangalia wazee. Kama ningemwambia pale kwa upole, ndugu yangu, umelibeba shamba hili na umenibeba mimi, chukua sehemu kubwa niachie pembe, nadhani tungekula pamoja jioni ile. Pengine nusu angeipokea kwa machozi. Lote alilipokea kama kofi.

Hakuliharakisha. Miaka imepita akilima kimya. Ni hivi majuzi, aliposikia umepata visa, ndipo alipopeleka ombi kwa bodi. Simlaumu kwa hilo pia. Amemwona mtu mmoja akienda Uholanzi na kurudi, ameona alivyorudi. Ndiyo maana hakuja Jumapili kwenye maombi ya kukuaga, na ndiyo maana kile kiti ulichomwekea ukasema kisikaliwe na mtu kilibaki vile mpaka watu wakaondoka. Nilikuona ukikirudisha ndani mwenyewe.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake. Sikumwambia mama yako mpaka niliporudi. Alinikuta langoni, na langoni ndipo tulipoishia, hakunipa kiti. Unajua maana yake. Hata mtoza kodi hupewa kiti.

Nikamwambia, "Wafula, nataka pembe moja tu. Ile ya mtoni. Ya mtoto."

"Mtoto anaenda Ulaya."

"Atarudi."

"Hata wewe ulirudi," akasema. "Ndiyo tuko hapa."

Nikamwambia nilisema kwa hasira siku ile. Akafikiri. Sikuona chuki, Nekesa, afadhali ningeiona. Alikuwa amechoka tu. Akasema, "Kaka, ulisema mbele ya watu. Ukitaka kugeuza, geuza mbele ya watu." Akageuka akaenda kufungua maji ya ng'ombe.

Nilimsimulia mama yako, naye alikuwa anachagua mchele. Akasema bila kuinua uso, "Ukikubali kwa bodi, mtoto hana kwao. Ukikataa, Wafula alisema kweli." Nikamuuliza basi nifanye nini. Akasema yeye anakwenda Nairobi.

Hivyo ndivyo lilivyo, mwanangu, sikufichi. Nimekaa nalo wiki nzima nikitafuta njia ya kutokea nikiwa mzuri. Nimelizungusha kama mtu wa polda, polepole, nikasimama kila pembe. Njia hiyo haipo.

Utakapofika, Mama Greet atakutolea baiskeli, labda ileile ya mumewe, tandiko ulishushe. Siku ya kwanza utaendesha kama baba yako, utamwacha nyuma, utamngoja njia panda. Usione haya, yeye ameshazoea watu wetu. Mwachie aende mbele. Msimame kwenye viazi vya watu. Tazama mpaka ushibe, hakuna atakayekuuliza. Mimi ile furaha siijutii, na nitakuwa mwongo nikikuambia ilikuwa mbaya kwa sababu huku iliniharibikia. Ilikuwa furaha ya watu ambao mpaka wao ni maji, na mtaro haukasiriki ukitazamwa. Huku nilikuja nayo mahali ambapo kila mkonge ulipandwa na mtu anayekumbuka kwa nini. Ipokee huko huko. Na ukirudi, ukikuta watu wamebeba, beba kwanza, hata kama ni kitu cha kijinga, ndipo uwasalimie.

Swali lako sasa. Nitajibu kama ulivyouliza, mbele ya mama yako. Msomee kwenye basi, mkishapita Eldoret, akiwa ameshalia akamaliza.

Kesho watakapoliita jina langu nitasimama. Mwenyekiti atauliza kama ninampa ndugu yangu shamba lote kwa hiari. Nitasema hapana. Nitasema namwandikia Wafula shamba, isipokuwa ile pembe ya chini mpaka mtoni, hiyo naiweka kwa jina la binti yangu Nekesa. Wataniuliza kama siku ile mbele ya wazee sikusema sitaki hata pa kuzikwa, nami nitasema nilisema. Wataniuliza hiyo pembe naijuaje mipaka yake, na nitawatajia mkonge kwa mkonge, kwa sababu kweli naijua, hakuna mtu Tongaren anayeijua vizuri kama mimi. Mzee Khaemba atakuwepo. Majirani watakuwepo, maana watu huja kusikiliza mashauri ya wenzao. Sitaeleza habari ya polda.

Wafula hatapiga kelele. Atageuka kwa watu, aseme, "Niliwaambia alikuwa anapima." Miaka yote hii alikuwa amekosea, na ni mimi peke yangu niliyejua. Kesho nitamfanya awe amesema kweli. Kisha nitaondoka kwa miguu, sitasimama mahali, na wewe utakuwa na pa kurudi.

Baba yako.